Mizani ya Msimu

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukikaribia nusu yake, waendesha baiskeli mashuhuri wa dunia hukutana kaskazini ya Italia kwa mbio za Lombardia, ambazo Wataliano huziita mbio za majani yanayopukutika. Hizo ndizo mbio kubwa za mwisho wa mwaka. Msimu ulioanza Januari katika joto la Australia, ukapita juu ya barabara za mawe za Ubelgiji na katika milima ya Italia, Ufaransa na Hispania, hufikia ukingoni hapo, karibu na ziwa Como. Waendeshaji huteremka katika baiskeli zao, na watazamaji hupanda katika kiti cha hukumu. Daftari hufunguliwa, majina husomwa moja baada ya moja, na kila jina hutiwa katika kapu moja kati ya mawili: huyu msimu wake ulikuwa mwema, na yule amewavunja watu moyo.

Hukumu hizo hutolewa kwa wepesi na husomwa kwa ladha, wala si ajabu, kwani mashindano yasiyohukumiwa ni matembezi tu. Hata hivyo, kwa yule anayehukumiwa jambo hilo si burudani. Mwendesha baiskeli wa kulipwa huishi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, na mara nyingine wa mmoja. Kijana aliyetiwa katika kapu la pili mara mbili mfululizo huenda asipate timu mwaka wa tatu, akarejea kwao na makovu ya miguuni na bila ya kazi nyingine aliyojifunza. Basi swali lastahiki kuulizwa kwa utaratibu: mtu anaposema kuwa mwaka wa mwenziwe ulikuwa mwema au mbaya, anapima kitu gani, na kwa mizani ipi?

Wapenzi wa ushairi wanalijua neno hili mizani kwa maana mbili. Kuna mizani ya dukani, na kuna mizani ya mshororo, ambayo ni hesabu ya silabi zake. Mshororo ukipungukiwa na silabi moja, sikio lililofunzwa hulisikia pengo hilo papo hapo, na hakuna huruma iwezayo kulijaza. Lakini hakuna mjuzi aliyewahi kusema kwamba shairi ni jema kwa kuwa silabi zake zimetimia tu. Hesabu ni sharti la hukumu, nayo si hukumu yenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayosahauliwa kila Oktoba.

Jawabu lililo jepesi ni kuwa kinachopimwa ni ushindi. Tour de France, iliyo kubwa kuliko mbio zote, huendeshwa kwa hatua 21 katika wiki tatu. Muda wa kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kabisa ndiye mshindi. Timu zaidi ya 20 huingia, kila moja na watu wanane, na katika wote hao anayevaa jezi ya njano siku ya mwisho ni mmoja. Ikiwa ushindi ndio kipimo pekee, basi kila Julai Ufaransa huhesabu mtu mmoja aliyefaulu na zaidi ya 150 waliofeli. Hesabu ya namna hiyo haimfundishi mtu chochote.

Wafaransa walilijua tatizo hili zamani, kwa jina la Raymond Poulidor. Mtu huyu, mtoto wa wakulima wa mkoa wa Creuse waliolima ardhi isiyokuwa yao, alishiriki Tour de France mara 14 kati ya mwaka 1962 na 1976. Alimaliza wa pili mara tatu na wa tatu mara tano. Hakushinda hata mara moja, na katika miaka yote hiyo hakuivaa jezi ya njano hata kwa siku moja. Mwaka 1964 aliikaribia kuliko mwaka mwingine wowote. Katika mlima wa Puy de Dôme alipanda bega kwa bega na Jacques Anquetil, aliyekwisha kuishinda Tour mara nne, hata miili yao ikagusana. Karibu na kilele akamwacha, na hadi kufika juu akawa amempunguzia sekunde 42. Anquetil alibakiwa na sekunde 14 za kuilinda jezi yake. Walipofika Paris, tofauti baina yao ilikuwa sekunde 55.

Je, msimu huo wa Poulidor ulikuwa mwema au mbaya? Mwaka huo huo alishinda Vuelta, mashindano makubwa ya Hispania. Watu wa Ufaransa walimpenda kuliko walivyompenda aliyemshinda, na mapenzi hayo yalidumu hadi alipofariki Novemba 2019. Lakini mapenzi nayo si hukumu. Insafu yadai kutajwa kwa jambo jingine: katika hatua ya mwaka ule iliyoishia Monaco, Poulidor alikosea hesabu ya mizunguko, akadhani amekwisha kumaliza ilhali umebaki mzunguko mmoja, na dakika moja ya zawadi waliyokuwa wakiigombania ikachukuliwa na Anquetil. Dakika moja ni kubwa kuliko sekunde 55. Kosa lile lilikuwa lake mwenyewe. Hakusukumwa na mtu, wala hakuangushwa na mvua. Anayempenda Poulidor kwa kulificha kosa hilo anamfanya mtoto, na anayelitaja kosa hilo peke yake anaufuta mlima wote wa Puy de Dôme. Mhukumu wa kweli huyabeba yote mawili kwa pamoja, na uzito wake huujua.

Kutoka hapo huzuka sharti la kwanza la mizani, nalo ni kutenga kosa na msiba. Mwaka 1971 Luis Ocaña, Mhispania aliyekulia Ufaransa, alifanya jambo ambalo wengi walidhani halifanyiki: alimshinda Eddy Merckx milimani, akawa anaongoza Tour kwa zaidi ya dakika saba. Tarehe 12 Julai, katika mteremko wa Col de Menté, mvua kubwa ya radi iliigeuza barabara kuwa mto. Merckx aliteleza na kuinuka. Ocaña aliteleza katika kona hiyo hiyo, na alipokuwa akijaribu kusimama aligongwa na mwenziwe aliyekuja nyuma. Alichukuliwa hospitali, na Tour yake ikaishia hapo. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na daftari la mwaka ule linakubaliana nao: mshindi ni Merckx, na Ocaña hakumaliza.

Lakini siku ya pili yake, Merckx mwenyewe alikataa kuivaa jezi ya njano. Aliyekuwa na haki kamili kwa mujibu wa kanuni aliona kuwa kanuni haijamaliza maneno. Hakusema kuwa ushindi si wake. Aliendelea na safari, akaipata jezi na akaifikisha Paris. Alichokifanya kwa siku ile moja ni kutoa hukumu iliyo bora kuliko ya daftari: kwamba yule aliye hospitali hakushindwa naye. Ocaña aliishinda Tour mwaka 1973, mwaka ambao Merckx hakushiriki, na hata hapo wako waliosema kuwa ushindi huo una upungufu. Mtu mmoja akahukumiwa kwa kuanguka alipokuwa mbele ya Merckx, kisha akahukumiwa kwa kushinda Merckx asipokuwepo. Mizani inayomkosesha mtu kwa kila alifanyalo ni mizani iliyoharibika.

Sharti la pili lahusu matarajio. Husemwa kuwa fulani amevunja watu moyo, na neno hili lina siri yake. Moyo uliovunjika si wa yule mwendeshaji. Ni wa mtazamaji. Kwa hiyo hukumu hiyo, kabla ya kumsema aliyeendesha, imekwisha kumsema aliyetaraji. Mwaka 2023 Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda Paris–Nice, mbio za Flanders, Amstel na Flèche Wallonne, na Oktoba akashinda Lombardia. Katikati ya mwaka huo, mwezi wa Aprili, alivunjika kifundo cha mkono, na Julai akamaliza wa pili katika Tour de France, dakika saba na sekunde 29 nyuma ya Jonas Vingegaard wa Denmark. Mwendeshaji mwingine yeyote angeufunga mwaka kama huo katika kitambaa cha hariri. Kwa Pogačar palikuwa na watu waliozungumza kana kwamba amefiwa, kwa kuwa alikwisha kuwazoesha zaidi.

Kinyume chake ni mambo ya Septemba 2025 huko Kigali, ambako kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa dunia wa barabarani yalifanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanawake zilikuwa na majina makubwa, na wenye majina hayo wakachungana, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze kazi. Aliyewaponyoka na kushinda ni Magdeleine Vallieres wa Canada, msichana wa miaka 24 ambaye kazi yake ya kila siku katika timu ilikuwa kuwasaidia wengine, na ambaye karibu hakuna aliyemtaja alfajiri ya siku ile. Hakuvunja moyo wa mtu, kwa kuwa hapakuwa na moyo wa mtu uliotegemezwa kwake. Basi kama matarajio ndiyo mizani, anayefahamika humalizia mwaka akiwa na deni ambalo hakulikopa, na asiyefahamika huachiliwa huru kwa sababu hakutazamwa. Hapo sifa hugeuka adhabu, na kusahauliwa hugeuka rehema.

Sharti la tatu ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa watu wengi na huonekana kwa uchache. Mbio za baiskeli, ingawa mshindi wake ni mmoja, ni kazi ya kundi. Anayeendesha nyuma ya mwenziwe hukingwa na upepo, akaokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana kila kiongozi wa timu ana watu wa kumkatia upepo, kumletea maji, na kumpa gurudumu lake likipasuka. Wafaransa huwaita watu hao kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Mtumishi mzuri ni yule aliyekwisha kuchoka na kuachwa nyuma wakati kamera zinapofika mahali pa kumalizia. Kadiri anavyoifanya kazi yake vyema, ndivyo jina lake linavyoshuka katika orodha.

Mwaka 1934 kijana wa miaka 20, René Vietto, alikuwa akipanda milima kuliko Mfaransa yeyote mwingine, na alikwisha kushinda hatua kadhaa za Tour. Kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, alikuwa amevaa jezi ya njano. Katika milima ya Pyrenees gurudumu la Magne liliharibika. Vietto akasimama na kumpa lake, akabaki ameketi juu ya ukuta wa mawe kando ya njia, akilia na kungojea gari la msaada. Picha yake akiwa katika hali hiyo ingali inatazamwa hadi leo. Siku iliyofuata Vietto alikuwa mbele, Magne akapatwa na ajali tena, na kijana yule akageuza baiskeli, akaurudia mlima kinyumenyume cha mbio, ili ampe kiongozi wake baiskeli yake. Magne alishinda Tour. Daftari lasema kuwa Vietto alikuwa wa tano.

Wako wanaoitazama hadithi hiyo kuwa ni ya utiifu, na wako wanaoiona kuwa ni ya dhuluma, kwamba kijana mwenye uwezo alilazimishwa kuitoa bahati yake. Kila mmoja ana sehemu ya haki. Machozi ya ukutani yanaonyesha kuwa Vietto aliijua thamani ya kile alichokitoa, na mtu hutukuzwa kwa kutoa akijua, si kwa kutoa asiyoyajua. Lakini kwa vyovyote vile, neno "wa tano" halisemi chochote juu ya siku mbili hizo.

Hayo hayakuwa ya zamani tu. Mwaka 2023 timu ya Jumbo-Visma ilishinda mashindano yote matatu ya wiki tatu kwa mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na timu yoyote. Primož Roglič alishinda Giro ya Italia, na Vingegaard alishinda Tour. Katika safari zote mbili alikuwepo Sepp Kuss, Mmarekani kutoka Colorado, akiwavuta milimani. Katika Vuelta, ya tatu kwa mwaka, Kuss alijikuta amevaa jezi nyekundu ya kiongozi, na waliokuwa wakimkaribia ni mabwana wake wale wale wawili. Katika mlima mkali wa Angliru Roglič na Vingegaard walikwenda mbele, wakamwacha mtumishi wao, na jezi ikabaki mwilini mwake kwa sekunde nane tu. Watu wengi wa Hispania na kwingineko walihisi kuwa kuna deni linalokanwa hadharani. Siku zilizofuata timu ilikubaliana kumlinda Kuss, naye akashinda mjini Madrid, sekunde 17 mbele ya Vingegaard, na Roglič akawa wa tatu.

Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, husema methali. Mbele ya Angliru swali halikuwa nani ana nguvu zaidi, kwa kuwa jambo hilo lilijulikana. Swali lilikuwa kama nguvu peke yake yatosha kumpa mtu haki ya kuchukua. Na linalofuata ni gumu zaidi: lau Kuss angenyang'anywa jezi ile, akamaliza wa tatu, je, msimu wake ungekuwa umepungua wema? Yeye angekuwa ni yule yule, na kazi ile ile. Ambao wangepungua ni wengine.

Hesabu za kisasa huyaona haya kwa jicho moja. UCI, chama cha kimataifa kinachosimamia mchezo huu, hugawa pointi kwa wanaofika mbele; tangu mwaka 2023 mshindi wa Tour hupewa 1,300. Timu hupangwa madaraja kwa pointi za miaka mitatu, na mwishoni mwa mwaka 2022 timu mbili zilishushwa, mojawapo ikiwa ni Lotto ya Ubelgiji. Utaratibu huo una sababu zake, kwani bila ya kipimo kinachojulikana madaraja yangegawiwa kwa kujuana. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anayemaliza wa nane akijihifadhi huweza kuonekana bora kuliko aliyemaliza wa 80 baada ya kumpeleka mwenziwe kwenye ushindi. Pointi hazisemi uongo. Huulizwa swali dogo, nazo hujibu swali hilo dogo.

Sharti la nne ni wakati. Christopher Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mbio za baiskeli alijifunza Kikuyu, nje kidogo ya mji huo, mkononi mwa David Kinjah, mwendesha baiskeli mashuhuri wa Kenya. Mwaka 2011 alikwenda Vuelta, akiwa amevaa jezi ya timu ya Kiingereza, kwa kazi ya kumsaidia Bradley Wiggins. Alimaliza wa pili, sekunde 13 nyuma ya Juan José Cobo wa Hispania, na Wiggins akawa wa tatu. Mtu aliyeketi Oktoba ya mwaka ule kuandika hukumu zake aliandika kuwa Cobo alikuwa na msimu wa ajabu, na kwamba Froome alikosa kidogo. Miaka minane ilipita. Tarehe 13 Juni 2019 UCI ilitangaza kuwa Cobo ameonekana na hatia kwa mujibu wa rekodi za damu yake, na mwezi uliofuata ushindi wa 2011 ukaandikwa kwa jina la Froome. Kumbe Mwingereza wa kwanza kushinda moja ya mashindano yale matatu makubwa hakuwa Wiggins kwa Tour yake ya 2012, kama ilivyosomwa miaka yote hiyo, bali alikuwa mtumishi wake wa mwaka uliotangulia.

Habari hiyo ilimfika Froome akiwa hospitali. Siku moja kabla yake, katika mji wa Roanne, alikuwa ameanguka kwa mwendo mkali na kuvunjika paja, kiwiko na mbavu. Yeye aliyekwisha kuishinda Tour mara nne hakushinda tena mbio yoyote baada ya siku ile. Alirejea hata hivyo, mwaka baada ya mwaka, na Julai 2022 akafika wa tatu katika kilele cha Alpe d'Huez. Hukumu ya upesi huiita miaka hiyo kuwa ni ya kusikitisha. Labda ni ya kusikitisha. Lakini msikitikaji na mwendeshaji hawakuwa wakitazama kitu kimoja. Mmoja alitazama jezi za zamani, na mwingine alitazama paja lililounganishwa upya.

Na palipokuwa na udanganyifu, wakati hufanya kazi kinyume. Misimu saba ya Lance Armstrong, ya kuanzia 1999 hadi 2005, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa bora katika historia, mpaka mwaka 2012 ilipofutwa yote kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, na nafasi ya mshindi ikaachwa wazi. Waliomtia Armstrong katika kapu la kwanza hawakuwa waongo, walikuwa na haraka. Nao waliotiwa katika kapu la pili miaka ile ile, labda kwa kukataa kutumia dawa, hawajaombwa radhi hadi leo, kwa kuwa majina yao hayajulikani.

Masharti yote haya hukutana kwa mtu mmoja, Biniam Girmay wa Eritrea. Alizaliwa Asmara mwaka 2000, katika mji wa nyanda za juu ambako baiskeli, iliyokuja na wakoloni wa Kitaliano, imekuwa mchezo wa wenyewe. Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa za barabara za mawe za Ubelgiji. Wiki iliyofuata yalikuwepo mashindano makubwa zaidi, na watu walimtaka abaki. Yeye alikwenda kwao kuwaona mkewe na mwanawe, kama alivyopanga. Mei alishinda hatua ya Giro, na katika kusherehekea, kizibo cha chupa kikamruka jichoni. Akalazimika kuyaacha mashindano. Mwaka 2023 ulikuwa mkavu zaidi, na wapo walioanza kunong'ona. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France, akafika mwisho na jezi ya kijani ya mfungaji bora wa pointi, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mcheza kwao hutunzwa, na Asmara ilimtunza. Mwaka 2025 alimaliza wa pili katika hatua ya kwanza kabisa ya Tour, mjini Lille, na mwaka ukaisha bila ya ushindi wowote.

Hapa mizani hujaribiwa. Girmay hakubeba mzigo wa timu peke yake. Alibebeshwa matarajio ya bara zima, ambalo hakuliomba limchague. Anaposhinda, husemwa kuwa Afrika imeshinda, na huo ni ukarimu mzuri. Lakini asiposhinda, je, Afrika imeshindwa? Aliyekubali kumgawia furaha yake atakubali pia kumgawia fedheha, au fedheha atamwachia mwenyewe? Mara nyingi furaha hugawanywa na fedheha huachwa na mwenyewe. Ushirika wa namna hiyo si wa haki.

Mtu anaweza kusema kuwa maneno haya yote yanamaliza hukumu. Ikiwa kila aliyeshindwa ana udhuru, na kila daftari lina aibu yake, basi hakuna msimu mbaya, na hakuna haja ya mwema. Pingamizi hili ni la kweli, na halijibiwi kwa huruma. Msimu mbaya upo. Mtu aliyepewa kazi na akaizembea, aliyejitayarisha vibaya akijua, aliyemwacha mwenziwe njiani ili ajipatie cheo cha kumi, au aliyetumia dawa, huyo mwaka wake ni mbaya hata kama alishinda. Linalokataliwa si hukumu, ni hukumu isiyouliza.

Maswali ya kuulizwa ni matatu, na hayamshindi mtu yeyote mwenye subira. Kwanza, mwendeshaji huyu alikabidhiwa nini? Pili, katika yaliyompata, lipi lilikuwa mkononi mwake na lipi lilitoka nje yake? Tatu, mwenye kumhukumu alitaraji kwa haki gani? Akipimwa kwa maswali hayo, Kuss wa 2023 alikuwa na mwaka mwema kabla ya Angliru, na jezi ya Madrid ilikuja kuuthibitisha. Pogačar wa mwaka huo huo hakumvunja moyo mtu mwenye akili. Poulidor wa 1964 alikuwa na mwaka mkubwa wenye kosa moja ndani yake, na kosa hilo halina budi kuandikwa. Na Girmay wa 2025, kwa ukweli usiopakwa asali, hakuitimiza kazi aliyokabidhiwa, ambayo ni kushinda. Yeye mwenyewe, mtu wa kazi, hahitaji kuambiwa kinyume cha hayo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kuwa amekwisha, au kwamba ameiangusha Afrika, ni mwendo ambao hakuna ushahidi unaomfikisha mtu.

Swali la tatu ndilo linalokimbiwa zaidi, kwa kuwa linamgeukia mwulizaji. Anayekaa kando ya barabara hakulipa kwa ngozi ya magoti yake. Haki yake ya kusema ipo, kwani waendeshaji huendesha ili watazamwe. Lakini haki hiyo ina wajibu wake, nao ni kutazama kweli. Hawezi kuuhukumu mwaka wa mtu kwa dakika kumi za mwisho za siku tatu.

Siku ya mbio za wanaume huko Kigali, tarehe 28 Septemba 2025, njia ilikuwa na zaidi ya kilomita 260 na milima isiyokwisha. Pogačar alishinda. Katika wote walioanza, waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Waliobaki waliteremka njiani, mmoja mmoja, wengine wakiwa wamekwisha kumaliza kazi waliyotumwa na nchi zao saa nyingi kabla, nao mbele ya majina yao daftari liliandika neno moja, kwamba hawakumaliza. Watu wa Kigali waliosimama vilimani walikuwa wakiwapigia makofi hao pia, kila alipopita mmoja aliyekwisha kuachwa nyuma. Hawakuwa wakikanusha matokeo. Walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi, na walikuwa wamemwona akipanda.